Muir Woods hakuendwi kwa kukurupuka, mhariri

Ndugu mhariri, salamu kwako na kwa wote hapo ofisini. Nimesoma ile makala yenu ya matembezi kuhusu kwenda kutwa moja Muir Woods, ule msitu wa miti mirefu inayoitwa redwudi huku California, na mwandishi wenu sina ugomvi naye, anaandika vizuri na picha zinavutia, ila kuna sentensi moja pale katikati imenifanya nikae chini niandike, anasema amka asubuhi, washa gari, nenda. Jamani! Hiyo sentensi nilishaiishi kabla hajaiandika, ikanigharimu siku nzima na heshima kidogo mbele ya mama mkwe.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe alikuja kutuona mwezi wa saba, na alichotaka ni kitu kimoja tu, aione hiyo miti anayoonaga kwenye simu. Nikaona kazi ndogo, Muir Woods si iko kama kilomita 19 tu kaskazini mwa San Francisco, unavuka daraja la Golden Gate, unaacha barabara kubwa ya 101, unaanza kona za mlimani mpaka uteremke bondeni. Tukafika saa nne na nusu asubuhi. Kijana wa getini akaniuliza, bukingi yako ya kupaki iko wapi? Nikamwambia bukingi gani tena, si nalipia hapa hapa? Akacheka kwa adabu. Kumbe tangu Januari 2018 gari halipaki pale mpaka uwe umelipia nafasi kabla kwenye mtandao, na kiingilio ni hela nyingine kabisa, kwa sisi ilikuwa dola 15 kila mtu mzima, watoto wa miaka 15 kushuka chini bure. Basi nikasema hamna shida, nabuku sasa hivi. Nikatoa simu, kimya. Kule bondeni hakuna netiweki, waifai hakuna, hata kaupau kamoja hakuna. Ikabidi tugeuze, tupande tena kona zile zile na mama amefumba macho kashikilia mkanda, tumefika juu mtandao ukarudi, naangalia, nafasi za siku ile zimeisha zote. Mama akafumbua macho akaniuliza, "Mwanangu, kwa hiyo safari ilikuwa ya kuja kuangalia matako ya magari?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo hicho ndo ningependa wasomaji wenu wakijue kabla ya kitu kingine chochote. Buku siku kadhaa kabla, wikiendi na kiangazi ndo usisubiri kabisa, alafu ile risiti ipakue kwenye simu au piga skrinishoti ukiwa bado nyumbani, maana ukifika kule ukianza kutafuta imeili umeumia. Na ramani nayo pakua. Na wale mnaopenda kuita teksi za kwenye simu, kwenda itawapeleka, kurudi mtaiitaje wakati simu imekufa? Kama hamna gari kuna basi la kubeba wageni misimu yake, nalo linabukiwa vile vile.

Mara ya pili tulichukua nafasi ya saa mbili asubuhi, wakifungua tu. Hapo sasa ndo nikaelewa watu wanafuata nini. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya miti na kulikuwa na matone yanadondoka, mama akasema mvua, nikamwambia si mvua ni miti yenyewe. Kule kiangazi karibu hainyeshi kabisa, mvua ni za miezi ya baridi, kwa hiyo hii miti inakamata ukungu unaotoka baharini, majani yanakunywa kidogo na maji mengine yanadondoka chini yanaingia kwenye mizizi. Ndo maana redwudi hizi zinakaa tu kwenye ukanda wa pwani ile. Na ndo maana mwezi wa saba watu wanakuja na fulana wanatetemeka, bebeni sweta hata kama mjini kuna jua (ya kwangu ilichukuliwa na mama mkwe, mimi nikavumilia).

Gome lake nendeni mkaliguse. Ni nene, la rangi kama ya kutu, na ukilibonyeza ni laini kidogo, lina nyuzinyuzi. Kwenye miti mikubwa linafika sentimita 30, moto ukipita unaunguza nje ndani mti unaendelea na maisha yake. Kuna mmoja uliungua mpaka ukawa na pango chini, mama akaingia akasimama humo ndani na mkoba wake, na ule mti uko hai, majani yake ya kijani yako juu huko hata huyaoni vizuri. Mingi pale ina miaka 600 hadi 800, na kuna iliyovuka 1,000. Sa chini ya huo mti mama akaokota kikoni kimoja, kile kitu kigumu kinachobeba mbegu za mti, saizi ya zeituni, akakichukua mkononi akakiangalia sana, akaangalia juu, akakiangalia tena, akasema haiwezekani. Alafu akakitia kwenye mkoba. Nikambembeleza akirudishe maana kutoa kitu mle hairuhusiwi, akakirudisha lakini kanuna mpaka daraja la tatu.

Njia ya chini haina shida kwa wazee, ni tambarare, mbao na lami, unafuata kijito cha Redwood Creek, ukichoka unavuka daraja unarudi upande wa pili. Msikimbie. Kuna sehemu inaitwa Cathedral Grove wanaomba watu wanyamaze, na tarehe 19 Mei 1945 wajumbe waliokuja San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa walikusanyika hapo kumkumbuka Rais Franklin Roosevelt aliyekuwa amefariki mwezi mmoja nyuma. Kibao kipo, watu wanapita tu wanapiga selfi.

Na mwandishi wenu angetaja kidogo ni kwa nini msitu huu upo mpaka leo, maana miti ya zamani ya redwudi zaidi ya asilimia 95 ilishakatwa. Mwaka 1905 bwana mmoja William Kent na mkewe Elizabeth walinunua lile bonde, ekari 611 kwa dola 45,000, baadae kampuni ya maji ikataka kulichukua kimahakama ijenge bwawa. Kent akawawahi, akaipa serikali kuu ekari 295, na 9 Januari 1908 Rais Theodore Roosevelt akalitangaza eneo la hifadhi. Roosevelt alitaka liitwe jina la Kent, mwenyewe akakataa, akasema liitwe la John Muir, mwandishi aliyepigania misitu isikatwe. Sijui ni wangapi tungekataa hiyo.

Mwisho, yale mengine mawili. Mti mrefu kuliko yote duniani hauko Muir Woods kama mlivyoandika, wa pale mrefu kabisa ni kama mita 79. Ule wa mita 115 na zaidi, Hyperion, uko Redwood National Park mbali sana kaskazini, huko si kwenda na kurudi siku moja, na tangu 2022 ukikamatwa umeusogelea faini inafika dola 5,000 na jela miezi sita, watu walikanyaga mizizi mpaka basi. Na ile picha ya gari linapita katikati ya mti itoeni, mti huo hauko Muir Woods, watu watazunguka kuutafuta na watoto wanalia nyuma. Na kwenye ile sentensi ya kuamka na kuwasha gari, ongezeni kubuku na kupakua mbele yake.

Msomaji wenu,
Oakland, California