Barua ya malalamiko kwa kabine ya uhasibu: nirudishiwe hati zangu, na nijue nani aliyeshika vitabu vyangu

Lubumbashi, tarehe 20 Mei 2024

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Kabine ya uhasibu na ushauri wa kodi,
Lubumbashi

Kuhusu: vitabu vya duka langu vya mwaka 2023, matamko ya TVA (kodi ya ongezeko la thamani) na hati za forodha ambazo hazijarudi

Bwana Mkurugenzi,

Nakusalimu. Mimi ni yule mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi katika komuni ya Kenya, mteja wenu tangu mwanzo wa mwaka jana. Nimefika ofisini kwenu, nimepiga simu, nimewaandikia kwa WhatsApp, na jibu limekuwa "kesho, mama". Ndiyo maana leo naleta karatasi, nakala mbili, na naomba moja igongwe muhuri wa kupokelewa nirudi nayo nyumbani.

Unakumbuka kilichonileta kwenu. Mauzo yangu yalikuwa yamepita faranga milioni 80 kwa mwaka. Mfanyabiashara akifika hapo, anaanza kutoza TVA ya 16%, anapeleka tamko lake kwenye DGI, ofisi ya kodi ya Serikali, kila mwezi, isipite tarehe 15 ya mwezi unaofuata, hata mwezi ambao hakuna cha kulipa, na daftari la mauzo pale kwenye kaunta halimtoshi tena. Nilihitaji mtu wa kazi hiyo, na watu hawakukosekana. Jirani yangu ana kijana mwenye graduat (masomo ya chuo ya miaka mitatu) ya uhasibu, mtulivu, bei yake nafuu. Ndugu mmoja wa ukoo, anayefanya kazi ya kodi, alijitolea kunishikia vitabu jioni akitoka kazini. Huyo nilimkatalia, kwa sababu anayekagua walipa kodi mchana hawezi kuwaandikia vitabu usiku. Nikaja kwenu, kwa bei iliyo karibu mara tatu ya ile ya kijana wa jirani, kwa ajili ya cheo kilichoandikwa kwenye kibao chenu: expert-comptable, mhasibu mtaalamu.

Cheo hicho hakitolewi na mchora vibao. Sheria namba 15/002 ya tarehe 12 Februari 2015 iliunda Ordre National des Experts-Comptables, yaani ONEC, chama cha kitaifa cha wahasibu wataalamu, na mwenye kujiita hivyo anatakiwa awe kwenye orodha ya wanachama wake. Mteja anayelipia cheo hicho analipia mtu mwenye jina, anayeweka saini yake, na anayeweza kuitwa na wenzake wa taaluma ajieleze kazi ikiharibika. Mimi nililipia hilo. Siku ya kwanza, mezani kwako, niliuliza bila kuzunguka: nani atashika vitabu vyangu, na nani atatia saini? Ulijibu kwamba kazi yote itapita mikononi mwako. Niliomba barua ya mkataba inayotaja kazi, bei na mwenye kuwajibika. Mkaniambia inatayarishwa. Sijaiona hadi leo, ingawa fakture yenu ya kwanza ilinifikia wiki ileile.

Baada ya siku hiyo sikukuona tena, Bwana Mkurugenzi. Alikuja kijana mmoja, akaondoka. Akaja wa pili, naye akaondoka. Sasa yupo wa tatu ambaye aliniuliza mimi kama duka langu linalipa TVA. Vijana hawa siwalaumu. Walitumwa kufanya kazi ya mkubwa bila mkubwa kuwa nyuma yao. Nilipomuuliza wa pili namba yake ya ONEC, aliinamisha macho.

Kinachoniuma zaidi ni hati za Kasumbalesa. Sehemu kubwa ya mali yangu, simenti, mabati, mabomba, inatoka Zambia na kuingia kwa mpaka huo. Pale DGDA, idara ya forodha, inanitoza TVA ya kuingiza mali kabla lori halijavuka. Ile TVA si hasara, ni fedha ninayoitanguliza: mwisho wa mwezi inatolewa kwenye TVA niliyotoza wateja, na DGI inalipwa tofauti tu. Kwa kila faranga milioni 10 za thamani iliyotozwa, hiyo ni milioni 1.6. Lakini haitolewi kwa maneno. Inahitaji hati ya forodha yenye jina langu na namba yangu ya kodi, pamoja na uthibitisho kwamba fedha ililipwa. Nyaraka hizo, za asili, nilizikabidhi kwenu mwezi baada ya mwezi, na daftari langu lina saini ya kijana wenu kila alipozichukua.

Sasa nimesoma nakala za matamko mliyopeleka kwa jina langu. Kuanzia mwezi wa Juni hadi Septemba, kwenye sehemu ya TVA ya kutoa, hakuna kitu. Sifuri. Mali ya miezi minne ilipita mpakani, nikalipa, na kwenye karatasi zenu ni kama sikuingiza hata mfuko mmoja wa simenti. Nikalipa tena ile TVA nzima, kutoka katika fedha ambayo ingenunua mabati kabla ya mvua. Nilipotaka hati zangu nirekebishe mwenyewe, nikaambiwa ziko "kwenye dosye", yaani kwenye jalada. Dosye ipi? Iko wapi? Sheria ya uhasibu ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, inamtaka mwenye biashara atunze vitabu na hati zake kwa miaka 10. Mkaguzi akija kesho, atasimama mbele ya kaunta yangu, hatakuja kwenu.

Kuna na lile la mwezi wa Novemba, ambalo naliandika hapa ili lisimalizwe kwa simu. Kijana wa pili alikuja dukani akaniomba fedha mkononi, dola, "apange na watu wa kodi", kwa sababu matamko mawili yalikuwa yamechelewa. Yalichelewa kwenu, mimi fakture zangu zilikuwa mezani kwenu mwanzoni mwa mwezi. Nilikataa. Kodi ya Serikali inalipwa benki, na benki inatoa karatasi ya malipo. Fedha isiyo na karatasi haijalipa kodi yoyote. Sijui kama kijana alitumwa au alijituma, na nataka unijibu hilo kwa maandishi. Juma lililofuata nikaletewa pendekezo jingine: badala ya malipo ya mwezi, kabine ichukue asilimia ya kodi "itakayopunguzwa". Mhasibu anayekula kutokana na udogo wa tamko langu atakuwa na haja ya kulifanya dogo kuliko ukweli, na adhabu itabaki kwangu. Hilo pia nilikataa.

Halafu ikaja benki. Mwezi wa Machi niliomba mkopo wa kununua lori dogo, nikapeleka hesabu za mwaka mlizoniandalia. Afisa wa mikopo alizifungua, akafunga, akanirudishia kwa heshima. Hakuna saini. Hakuna muhuri wa mwanachama wa ONEC. Na ndani yake mlikuwa mmeweka TAFIRE, jedwali la zamani la vyanzo na matumizi ya fedha, wakati SYSCOHADA iliyorekebishwa, yaani mfumo wa uhasibu wa OHADA, inayotumika tangu tarehe 1 Januari 2018, iliondoa jedwali hilo na kuweka la mtiririko wa fedha. Zile kurasa za maelezo zinazopaswa kuandamana na hesabu hazikuwepo kabisa. Mimi ni muuza misumari na simenti. Kwa nini nijulishwe na mtu wa benki kwamba kabine yenye cheo inatumia fomu iliyokufa miaka mingi?

Katika mji huu wapo wahasibu wanaofanya kazi yao sawasawa, na wapo wafanyabiashara wengi wa Kenya, Kamalondo na Katuba wanaotaka kutoka kwenye daftari la kaunta na kuandika vitabu vya kweli. Wengine wao wananiuliza mimi: yule wako, ni mzuri? Nawajibu kile ninachokijua: waombe namba ya ONEC na waitafute kwenye orodha, waombe mkataba kabla ya kulipa, wapeleke nakala na kubaki na hati za asili, na kila mwezi wadai tamko lenye alama ya kupokelewa na karatasi ya benki.

Bwana Mkurugenzi, ninachodai ni hiki. Hati zangu zote za forodha na fakture za wauzaji zirudi dukani kwa orodha iliyotiwa saini na pande zote mbili. Nijulishwe kwa maandishi majina ya walioshika vitabu vyangu na, kwa kila mmoja, kama yumo au hayumo kwenye orodha ya ONEC. Matamko ya Juni hadi Septemba yarekebishwe kwa gharama yenu, ukiwa wewe mwenyewe uliyeyasoma na kuyawekea saini, na adhabu za ucheleweshaji wa yale mawili mzibebe ninyi. Hesabu za 2023 ziandaliwe upya kwa mfumo unaotumika sasa, au mnirudishie malipo niliyotoa kwa ajili yake. Hili la mwisho uchague wewe. La hati sina la kuchagua, nazitaka.

Nawapa siku 15 tangu tarehe ya muhuri wenu. Zikipita bila jibu, barua hii pamoja na nakala za daftari langu lenye saini za kijana wenu itapelekwa ONEC, na mhasibu mwingine atakuja ofisini kwenu kwa idhini yangu kuchukua dosye yangu. Malipo ya mwezi huu nimeyasimamisha hadi hati zirudi.

Wako kwa heshima,

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi,
Komuni ya Kenya, Lubumbashi

Viambatanisho: nakala za kurasa za daftari la makabidhiano, matamko ya TVA ya Juni hadi Septemba 2023, risiti za malipo ya kila mwezi kwa kabine