Malalamiko juu ya taa za bunduki tulizouziwa kama tochi za walinzi

Lubumbashi, mwezi wa pili

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Mauzo

YAH: KURUDISHA TAA 24 PAMOJA NA BETRI NA CHAJA ZAKE

Bwana Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni msimamizi wa walinzi wa usiku katika depo moja ya mizigo, upande wa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, ofisi yetu ilinunua dukani kwenu tochi 24, na kwenye faktire, yaani ankara, mliandika “tochi ya mlinzi”. Mlichotupa si tochi ya mlinzi. Ni taa ya kufungwa chini ya mtutu wa bunduki, na muuzaji wa vifaa vya ulinzi anapaswa kulijua hilo kabla ya mteja wake.

Ichukue moja uitazame. Mgongoni ina mfereji, na ubavuni ina skrubu ya kukaza. Mfereji huo umechongwa ili ukamate reli ya Picatinny ya kwenye bunduki, ile yenye mianya iliyopangwa kama ngazi, ambayo jeshi la Marekani liliipa kipimo kimoja mwaka 1995 kwa jina la MIL-STD-1913. Upana wa kila mwanya ni milimita 5.23, na kutoka katikati ya mwanya mmoja hadi katikati ya unaofuata ni milimita 10. Nyuma ya taa kuna vibonyezo viwili, kushoto na kulia, ili mtu aliyekwisha kushika bastola aiwashe kwa kidole bila kuachia silaha. Haina shina la kukamata wala kitanzi cha kamba. Mpini wake ni bunduki yenyewe, na mlinzi wangu hana bunduki.

Hana, na sheria haimruhusu kuwa nayo. Hapa Kongo kampuni za gardinaji, yaani za ulinzi binafsi, hazibebi silaha za moto. Mteja anayetaka silaha getini anaombewa askari wa Polisi ya Taifa. Silaha zina sheria yake, namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na kila anayefanya kazi hii mjini anajua kwamba mambo ya bunduki hayachezewi. Ndiyo maana jambo lililompata papa mmoja wa zamu, mlinzi wetu mzee, limeniuma sana. Alitoka kazini alfajiri, akiwa na ile taa kwenye mfuko pamoja na sahani yake ya chakula. Doria ikamsimamisha, ikapekua mfuko, na askari mmoja akaitambua mara moja. Swali likawa moja tu: bunduki yake iko wapi? Papa hakuwa na jibu, kwa sababu hakujua hata kwamba kitu hicho kina bunduki yake. Akakaa kituoni mpaka mchana, nilipofika na faktire yenu mkononi. Faktire ilimsaidia, lakini mtu mzima mwenye wajukuu hakustahili kuulizwa maswali ya jambazi kwa ajili ya kifaa alichopewa na kazi.

Sasa betri. Kila taa inatumia mbili za aina ya CR123A, za lithiamu, volti 3 kila moja. Ni betri nzuri kwa kazi yake: hukaa dukani miaka mingi bila kufa, na bunduki inayowashiwa taa kwa sekunde chache haizimalizi upesi. Lakini zamu yetu ni kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kwenye mwanga wa juu kabisa betri hizo huchoka baada ya saa moja au mbili. Kuzipata kwenye maduka ya komuni za hapa mjini, Kenya au Kamalondo, ni shida, na zikipatikana bei yake ni ya kulia.

Hilo ningeweza kulivumilia. Nisiloweza kulivumilia ni chaja. CR123A ya kawaida haichajiwi. Imeandikwa kwenye betri yenyewe, kwa herufi ndogo. Ukiilazimisha umeme ndani, inaweza kuvimba, kupasuka na kuwaka moto, na moto wa lithiamu si wa kuzimwa kwa dua. Mfanyakazi wenu alituuzia betri hizo na chaja katika mfuko mmoja, akawaambia vijana wangu wazichomeke kila umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, unaporudi. Chumba chetu cha walinzi kimepakana na ghala lenye mapipa ya mafuta. Nilipozikuta zimepangwa kwenye chaja, moja ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, nikazitoa zote nje.

Nilipokuja kulalamika, nikaambiwa basi nunueni za kuchajiwa zenye umbo hilohilo. Bwana Mkurugenzi, hizo zikijaa zina karibu volti 4.2 kila moja. Mbili ni volti 8.4, ndani ya taa iliyotengenezwa kwa volti 6. Zipo taa zinazostahimili na zipo zinazoungua, na mtengenezaji huandika wazi ni ipi. Karatasi ya maelezo ingetuambia, lakini taa zenu zilikuja kwenye plastiki tupu, bila boksi la kiwanda na bila karatasi.

Kuhusu mwanga wenyewe, kibandiko mlichobandika kinasema “mita 500”. Upo utaratibu unaoitwa ANSI FL1 ambao watengenezaji wa kweli hupimia tochi zao. Umbali huhesabiwa hadi pale mwanga unapobaki robo ya luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), kiasi cha mbalamwezi kamili, na ili kufika mita 500 tochi inahitaji kandela 62,500, yaani kipimo cha ukali wa mwale. Taa nyingi ndogo kama hizi haziko karibu na namba hiyo. Usiku, kwenye ukuta wetu wa nyuma, nguzo ya mwisho haionekani, nayo haifiki mita 200. Na hata kama zingefika, mwale wake ni mwembamba: unatoboa mbele na kuacha giza ubavuni. Mtu wa bunduki anautaka hivyo, kwa sababu anahitaji kuutambua uso wa aliye mbele yake kabla ya kuamua lolote. Mlinzi anayezunguka depo anahitaji mwanga mpana unaoonyesha ukuta, mfereji na chini ya lori kwa wakati mmoja.

Nimeacha mwisho neno lililonishtua kuliko yote. Siku ileile nilipokuja kulalamika, mfanyakazi wenu aliona namna ya kulimaliza jambo: tuwape askari polisi wanaokesha nasi, wazifunge kwenye bunduki zao. Kwanza hazifungiki. AK ya askari wetu ina kishikio cha mbao mbele na haina reli. Ingebidi kukibadilisha, na silaha ya serikali si mali yangu wala ya duka lenu. Pili, na hili ndilo nataka ulisome polepole, taa iliyofungwa kwenye bunduki huangaza pale tu mtutu unapoelekea. Anayeitumia kutafuta kitu gizani anaelekeza silaha yenye risasi kwa kila anachokitazama. Getini petu usiku wanapita madereva wanaotoka mpakani, vijana wa kupakia, mama wanaouza chai na vitumbua. Tusome namba ya lori kwa mtutu wa bunduki? Tumwangazie mama uso wake kwa mtutu? Wanaofundisha matumizi ya taa hizi husema: ya bunduki haichukui nafasi ya ile ya mkononi. Hata askari mwenye taa kwenye silaha hutembea na tochi nyingine mfukoni, na hiyo ndiyo anayoitumia kutafuta, kusoma na kuangaza njia.

Ninachoomba ni hiki. Mzipokee taa zote 24, chaja na betri zilizobaki, na mturudishie fedha kamili kwa dola kama tulivyolipa, au mtupe tochi za mkono za thamani hiyo. Mkichagua kubadilisha, tunataka zenye shina la kushika na kamba ya mkononi, mwanga mpana, na ngazi ya chini ya lumeni (kipimo cha jumla ya mwanga) 30 au 50 inayoweza kumaliza usiku mzima. Zistahimili mvua kwa kiwango cha IPX4 angalau, yaani maji yanayorushwa kutoka kila upande, maana sasa mvua hainyamazi. Zitumie betri kubwa za kawaida zinazouzwa kila kona, au betri moja ya lithiamu ya kuchajiwa ya saizi ya 18650 pamoja na chaja yake halali. Ziwe kwenye boksi la kiwanda, na maelezo kwa Kifaransa au Kiswahili.

Naomba pia kibandiko cha “tochi ya mlinzi” kitolewe kwenye zile zilizobaki rafuni, na muwapigie simu wateja wengine mliowauzia chaja hizo, wiki hii, kabla betri haijapasuka kwenye nyumba ya mtu. Namba zao mnazo kwenye faktire. Kwa papa wetu aliyekaa kituoni, naomba barua yenye muhuri wa duka inayoeleza kwamba kifaa kile mlikiuza nyinyi kama tochi, ili akisimamishwa tena juu ya habari ileile awe na kitu cha kuonyesha.

Taa zote nimezifungia kabatini na walinzi wanatumia simu zao kuangaza, jambo lisilofaa hata kwa usiku mmoja. Kwa hiyo nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku saba. Likikosekana, ofisi yetu itapeleka malalamiko haya kwa mwanasheria wake pamoja na kibandiko, chaja na nakala ya faktire.

Kwa heshima,

Msimamizi wa walinzi wa usiku

Viambatisho: nakala ya faktire, picha za taa na kibandiko, picha ya betri kwenye chaja