Treni za Alps wakati wa baridi: tupange vituo kwa saa za mwanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua nizungumze na wasomaji wa Arusha na Moshi wanaokwenda Ulaya kati ya Desemba na Machi. Wapo watu wa utalii wanaohudhuria maonyesho ya ITB kule Berlin kila Machi, wapo wazazi wanaotembelea watoto walio masomoni, na wapo wanaoalikwa na wageni waliowahi kuwapandisha Kilimanjaro. Shughuli ikiisha, huongeza siku nne au tano wakaione Milima ya Alps kwa treni. Wazo ni zuri. Kinachowaponza ni ratiba, maana hupangwa kwa kuhesabu miji, ilhali majira ya baridi cha kuhesabu ni mwanga wa jua.

Mwishoni mwa Desemba jua la Zürich, Uswisi, huchomoza kama saa 2:10 asubuhi na kuzama kama saa 10:40 jioni. Hizo ni saa nane na nusu, si kumi na mbili tulizozoea. Ndani ya mabonde hali ni ngumu zaidi: kijiji kinaweza kuingia kivulini mapema mchana huku kilele kilicho juu yake kingali kinang'aa. Mwanzoni mwa Machi jua hutoka karibu saa 1 asubuhi na kuzama baada ya saa 12 jioni, na theluji ya juu bado ipo. Mwenye uhuru wa kuchagua tarehe achague mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi. Anayelazimika kwenda Desemba asikae ndani ya treni zaidi ya saa mbili au tatu kwa siku.

Ndiyo maana sikubaliani na mawakala wanaomuuzia kila mtu tiketi ya Glacier Express ya Zermatt hadi St. Moritz kwa siku moja. Treni yenyewe ni nzuri: hupita madaraja 291 na mahandaki 91, na hupanda hadi mita 2,033 kwenye mlima wa Oberalp. Lakini inachukua kama saa nane, yaani siku nzima ya mwanga ya Desemba. Madirisha yake hayafunguki, kiti lazima kilipiwe nafasi juu ya nauli hata kama una pasi ya treni, na abiria hushuka amechoka bila kukanyaga theluji ya maana. Tena kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Desemba haifanyi kazi kabisa.

Njia ninayoipendekeza ni ile ya kampuni ya reli ya Rhätische Bahn, kutoka Chur (mita 585) hadi Tirano nchini Italia (mita 429), ikivuka Ospizio Bernina kwenye mita 2,253. Sehemu ya Albula na Bernina imo katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008. Ipo treni ya watalii, Bernina Express, inayokwenda moja kwa moja kwa saa nne hivi na inadai kulipia kiti. Iache. Juu ya reli hiyohiyo hupita treni za kawaida, karibu kila saa, hazihitaji nafasi iliyolipiwa, na baadhi ya mabehewa yake yana madirisha yanayofunguka. Ukishuka kituo chochote, unaendelea na treni ya saa inayofuata.

Kutoka uwanja wa ndege wa Zürich, ambao kituo chake cha treni kiko chini ya jengo lenyewe, unafika Zürich mjini kwa dakika kumi na kidogo, kisha Chur kwa saa moja na robo. Lala Chur usiku wa kwanza. Asubuhi, ukielekea kusini, kaa upande wa kulia. Muda mfupi kabla ya Filisur treni inaingia daraja la Landwasser, lenye matao sita na urefu wa mita 65 kwenda juu, lililokamilika 1902. Daraja limepinda na linaishia moja kwa moja ndani ya handaki kwenye ukuta wa mwamba. Ukiwa behewa la nyuma unaiona injini yako mwenyewe ikimezwa na mlima. Anayetaka kuliona daraja kutoka chini ashuke Filisur atembee nusu saa au zaidi kidogo.

Kituo cha pili ni Bergün, na hapo usiwe na haraka. Kati ya Bergün (mita 1,373) na Preda (mita 1,789) ni kama kilomita sita kwa barabara, lakini mwinuko ni mkali kiasi kwamba wajenzi wa mwaka 1903 waliizungusha reli ndani na nje ya mlima kwa zaidi ya kilomita 12. Majira ya baridi barabara ya juu hufungwa kwa magari na kugeuzwa njia ya sleji, kile kiti cha kutelezea kwenye theluji. Watu hukodi sleji Bergün, hupanda treni hadi Preda, kisha huteleza kurudi chini huku treni zikipita juu ya vichwa vyao. Nenda asubuhi, kabla watu wengi hawajaisugua theluji ikawa kioo. Breki ni visigino vyako, kwa hiyo viatu vya mjini vyenye soli laini havifai hata kidogo. Theluji ikiwa haba njia hufungwa. Uliza kituoni kabla ya kulipia sleji.

Usiku wa pili lala Pontresina au Samedan. Najua wengi wanataka jina la St. Moritz, lakini hoteli zake ni ghali mno, na Pontresina iko kwenye njia yenyewe ya Bernina. Kuna sababu nyingine ya kulala juu. Miezi ya Desemba na Januari ukungu mzito hutanda siku nyingi juu ya Zürich, Bern na Luzern, wakati vijiji vilivyo zaidi ya mita 1,000 vinaota jua. Aliyelala bondeni akapanga kupanda mlima mchana hupoteza asubuhi nzima ndani ya ukungu.

Siku ya tatu ndiyo kilele cha safari. Ondoka Pontresina mara kukipambazuka. Morteratsch, mita 1,896, kuna njia ya miguu kuelekea mto wa barafu, yenye vibao vinavyoonyesha barafu ilifika wapi mwaka gani. Tangu karne ya 19 imerudi nyuma karibu kilomita tatu, na mtu wa Moshi aliyeona theluji ya Kibo ikipungua ataelewa vibao hivyo bila kuhitaji mwongozaji. Rudi kituoni mapema, kwa sababu kituo kinachofuata, Alp Grüm (mita 2,091), kinadai mwanga wa asubuhi: barafu ya Palü iko upande wa magharibi, na baada ya saa nane mchana jua la chini linakuangaza usoni na picha zote zinakuwa kivuli. Huwezi kuviona vyote viwili vizuri? Punguza Morteratsch, usiiache Alp Grüm. Jengo la kituo lina mgahawa. Saa moja ya kusubiri treni inayofuata inatosha supu na picha.

Kutoka hapo reli inashuka kwa mteremko unaofikia asilimia saba, bila meno ya kukamatia katikati, hadi Poschiavo (mita 1,014), mji mdogo unaozungumza Kiitaliano na wenye chakula cha mchana cha bei nafuu kidogo. Karibu na Brusio reli inajizungusha duara zima juu ya daraja la matao ili ishuke taratibu. Tirano kituo cha reli ya Uswisi na cha Italia viko jirani. Treni ya Milano inachukua saa mbili na nusu, na ukikaa kulia utaliona ziwa Como. Varenna ni kituo kizuri cha mwisho, ila hoteli nyingi za ziwani hufungwa majira ya baridi. Hakikisha kabla ya kulipia.

Sasa makosa ya tiketi. Tiketi ya kawaida ya Uswisi hukuruhusu kushuka njiani na kuendelea siku hiyohiyo. Tiketi ya bei ya punguzo hufungwa kwenye treni moja tu. Ukishuka Bergün imekufa, na faini yake itazidi ulichookoa. Swiss Travel Pass ni ya siku 3, 4, 6, 8 au 15 mfululizo na inafika hadi Tirano, si zaidi. Kipande cha Milano kinanunuliwa peke yake. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoa Italia lazima igongwe muhuri kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda. Na wazazi wenye watoto Ulaya wawe macho: pasi ya Interrail, ya treni za nchi nyingi za Ulaya, ni ya wakazi wa Ulaya. Mtanzania anayeishi Tanzania hutumia Eurail. Mtoto akikununulia Interrail kwa nia njema, mkaguzi hatakubali.

Vituo vidogo vya Bernina treni haisimami mpaka iombwe. Ndani ya behewa bonyeza kitufe mapema, mara tu kituo kinapotangazwa. Ukiwa nje, bonyeza kitufe kilichoko jukwaani na uangalie kinaonyesha upande unaokwenda. Usipobonyeza treni itapita mbele yako, na saa nzima kwenye baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri si mchezo. Mizigo mikubwa iache kwenye makabati ya Chur au hotelini. Usitegemee kupata kabati vituo vya juu. Kumbuka pia kwamba ratiba zote ni za saa 24: 14:02 ni saa 8:02 mchana wetu, na saa ya huko majira ya baridi iko nyuma ya yetu kwa saa mbili.

Theluji nyingi inaweza kufunga reli. Januari 2018 Zermatt ilikatika na watalii kama 13,000 wakabaki humo, kwa sababu ya hatari ya maporomoko. Taasisi ya theluji ya Davos hutoa taarifa ya hatari kwa ngazi 1 hadi 5, kila siku saa 11 jioni na saa 2 asubuhi. Ikifika 4, ahirisha kwenda juu. Kamwe usipange kushuka kutoka milimani siku ileile ya ndege ya kurudi KIA. Usiku wa mwisho ulale Zürich au Milano.

Viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, hufuata vituo ulivyopanga. Maombi huenda kwa nchi yenye usiku mwingi au lengo kuu la safari, kwa hiyo kuongeza usiku mbili Uswisi kunaweza kubadilisha ubalozi unaokuhusu. Panga vituo kwanza, ndipo ujaze fomu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasipungue siku 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie angalau yuro 30,000.

Kuhusu mavazi, wenzetu wa Moshi hawana haja ya kununua vitu vipya Ulaya. Jaketi zito, glavu, geta na viatu vya usiku wa kilele vinavyokodishwa hapa mjini vinatosha kabisa. Mwinuko usiwatishe: kambi ya Mandara kule Kilimanjaro iko mita 2,720, juu kuliko kituo chochote cha njia hii. Tatizo ni tofauti ya joto, kwani treni hupashwa moto na nje kuna baridi kali. Vaa nguo nyepesi kadhaa juu ya nyingine uzivue ukiingia, la sivyo jasho litakuganda ukishuka. Simu iweke mfuko wa ndani, maana baridi humaliza chaji haraka.

Ombi langu kwa mawakala wa hapa kwetu ni moja: kila ratiba ya safari ya baridi mnayomuuzia mteja iandikwe saa ya jua kuchomoza na kuzama kando ya kila siku, pamoja na treni ya mwisho ya kurudi kutoka kila kituo.

Mpangaji wa safari,
Moshi.