Ile picha si Angkor, ni Unakoti

Mhariri,

Si desturi yangu kuwaandikia, lakini picha ya ukurasa wenu wa utalii Jumamosi iliyopita imenilazimu kushika kalamu. Inaonyesha uso mkubwa wa jiwe uliochongwa kwenye ubavu wa kilima, umezungukwa na msitu. Chini yake mmeandika: "Hekalu lililosahauliwa, Angkor, Kambodia."

Ile si Angkor. Ni Unakoti, katika jimbo la Tripura, kaskazini-mashariki mwa India, karibu na mji wa Kailashahar na mpaka wa Bangladesh. Nilifika pale nilipokuwa masomoni India. Unapanda treni mpaka Dharmanagar, kisha unakodi gari linalopinda na vilima. Mtanzania mwenzangu nilipomwambia ninakokwenda alicheka: "Una koti? Na joto lote hili?"

Jina lenyewe lina hesabu ndani yake. Sisi laki tumeichukua kutoka huko huko India na tunahesabia hela kila siku. Wenzetu wakifika laki mia moja, yaani milioni kumi, kwa Kisanskriti huita koti. Na unakoti ni koti pungufu ya moja. Wenyeji husimulia kwamba Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, alikuwa safarini kwenda Kashi, mji unaoitwa leo Varanasi, akiongozana na miungu wenzake, jumla yao koti moja. Wakalala pale kilimani. Aliwaagiza waamke kabla ya jua kuchomoza, lakini kulipokucha aliyekuwa macho ni yeye peke yake. Akawalaani wageuke mawe, akaendelea na safari. Sikuhesabu, ila mawe ni mengi.

Ule uso wa kwenye picha ni wa Shiva, na huitwa Unakotiswara Kal Bhairava. Una urefu wa kama mita 9, na katika hizo, pambo la kichwani peke yake ni kama mita 3. Wataalamu husema michongo hii ni ya karne ya 7 hadi ya 9. Karibu yake wamo fahali watatu wa mawe wa Nandi, yule fahali anayembeba Shiva, nusu ya miili yao imezama ardhini, utadhani walikuwa wanajaribu kuingia chini wakaishia njiani. Mbele kidogo kuna Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, na maji ya kijito hushuka palepale penye michongo. Maji hayo ndiyo uzuri wa mahali pale na ndiyo yanayopala sura za mawe taratibu, yakisaidiwa na mizizi ya miti.

Kosa la jina la nchi linasahihishika kwa mstari mmoja. Kinachonikera zaidi ni hilo neno "lililosahauliwa". Limesahauliwa na nani? Kila mwaka, Machi au Aprili, maelfu ya watu hupanda kilima kile kwa sikukuu ya Ashokastami. Idara ya Akiolojia ya India inapalinda, na mwaka 2022 serikali yao ilipaingiza kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo ya Urithi wa Dunia. Hata siku ya kawaida niliyokwenda mimi, nilimkuta bibi mmoja amevua ndala zake akaziweka pembeni, amechovya kidole gumba katika poda nyekundu, anakigandamiza kwenye jiwe polepole, kama mtu anayempaka mtoto dawa ya kidonda. Vijana wawili walikuwa wamekaa juu ya mgongo wa Nandi wakijipiga selfi. Bibi hakupaza sauti. Alisema maneno machache kwa Kibengali, sikuyaelewa hata moja, nao wakashuka haraka wakiwa wameinamisha vichwa. Mimi nami nikajikuta navua viatu, ingawa hakuna aliyeniambia.

Mkiandika "limesahauliwa", msomaji akienda huko atapanda juu ya mawe kama hao vijana, kwa sababu mmeshamwambia hapana mwenyewe. Waandishi wa safari wanalipenda mno neno hili. Mahali pasipofikiwa na basi la watalii, basi pamesahauliwa!

Naomba toleo lijalo msahihishe jina la mahali, na lile neno mliondoe kabisa. Na kama mtamtuma mwandishi wenu kwenda kujionea, aende mvua zikiisha, kuanzia Oktoba hivi, na avae viatu visivyoteleza. Mimi nilikwenda Julai. Kwenye zile ngazi nilianguka mara mbili, mvua ikanikuta katikati ya mlima, na koti, kama alivyouliza yule rafiki yangu, sikuwa nalo.

Msomaji wenu,
Morogoro