Mwanaisha, huku wanagombania ufunguo

Mwanaisha shoga yangu,

Salaam nyingi, na watoto waambie mama mkubwa anawasalimu. Voice yako ya juzi niliisikiliza kwenye basi nikitoka zamu, nikairudia tena usiku, unaniuliza kwani huko Utah si ndiko kwa wale wa wake wengi, sasa mbona wale vijana wawili wa mashati meupe na vibeji waliokuja kwa jirani yako hapo Nairobi wamekana katakata kwamba kanisani kwao hakuna mambo hayo. Hawakumdanganya jirani. Lile kanisa kubwa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye hilo hekalu jipya lililofunguliwa hapo kwenu 2025, mtu akiongeza mke wa pili wanamtoa. Huku nilipo kuna Wakongomani kibao wanasali humo, tena kwa Kiswahili, na wote ni mume mmoja mke mmoja. Hao wa mitala ni wengine, walitokana na humohumo, kanisa kubwa haliwatambui na wao wanasema wao ndio wenyewe, lile ndilo lililopotea njia.

Ningekujibu kwa voice lakini habari ni ndefu na imenikaa moyoni, ndio maana nakuandikia.

Unajua kwetu mitala si kitu cha kushangaa. Mamangu alikuwa wa pili, nimekua nikijua siku za baba kwetu na siku za baba kwa mama mkubwa, najua kilo ya sukari ikinunuliwa kule na huku inunuliwe, la sivyo nyumba haikaliki. Kwa hivyo nilipokuja huku nikasikia kuna Wazungu wenye wake watano sita nikajua ni yaleyale tu. Wallahi si yaleyale. Babangu alioa wawili kwa sababu dini imemruhusu na aliona anaweza, hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba akibaki na mmoja pepo yake itakuwa ya chini. Hawa wanaamini hivyo. Kwao mbingu ina madaraja, na lile daraja la juu kabisa wanaloliita selestia, ule utimilifu wake ambapo mtu anaendelea kuwa na familia milele na kufanana na Mungu, huufikii bila hii ndoa. Sasa hebu fikiria mke wa kwanza anayeletewa mwenzake, kwetu atalia, atanuna, atarudi kwao, wajomba watakuja kuzungumza. Huyu wa huku akinuna anaambiwa anaizuia familia nzima kuingia mbinguni.

Na haya wanayachukua kwa Joseph Smith mwenyewe, yule aliyeanzisha dini. Ufunuo wake wa 1843 umo kwenye kitabu chao cha Mafundisho na Maagano, sura ya 132, na hata kanisa kubwa bado wanacho kitabu hicho na sura hiyo haijafutwa. Mimi nimeisoma. Watu wote wanaenda moja kwa moja kwenye mambo ya wake, lakini shoga, ukitaka kuwaelewa hawa watu soma aya ya 7. Inasema nguvu ya kuwafunga watu pamoja hapa duniani na mbinguni ina funguo zake, na duniani hapawi na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja mwenye kupewa hizo funguo. Mtu mmoja! Yaani ndoa yako, watoto wako, mamako aliyekufa, wote wamefungwa kwako au hawakufungwa, inategemea kama huyo mzee aliyewafungisha alikuwa ndiye kweli. Vurugu zote ninazokusimulia hapa chini zimetoka hapo. Wote wanakubaliana mitala ni ya Mungu, ugomvi ni nani ameshika ufunguo.

Wamormoni, ndivyo wanavyoitwa hawa wafuasi wa Joseph Smith, walihamia huku Utah 1847 wakiongozwa na Brigham Young, na 1852 wakatangaza mitala hadharani. Serikali ya Marekani ikawaandama, sheria juu ya sheria, wanaume wakafungwa kwa mamia, 1887 ikaja sheria ya kulivunja kanisa lenyewe na kulinyang'anya mali. Rais wa kanisa aliyekuwepo, John Taylor, alikuwa anaishi mafichoni, leo kwa huyu kesho kwa yule. Sasa ndio kisa chenyewe: Septemba 1886 alikuwa amejificha Centerville kwenye nyumba ya John W. Woolley, na hawa wa mitala wanasema usiku ule Yesu mwenyewe pamoja na Joseph Smith walimtokea, asubuhi yake akawaweka wakfu watu watano wahakikishe hakuna mwaka unaopita bila mtoto kuzaliwa katika ndoa hiyo, hata kanisa likija kuiacha. Taylor akafa 1887. 1890 aliyemfuata, Wilford Woodruff, akatangaza kuacha, 1896 Utah ikakubaliwa kuwa jimbo, na 1904 kanisa likakaza zaidi, atakayeendelea anafukuzwa. Kanisa lilikuwa likikana habari ya ufunuo huo miaka mingi sana, ila 2025 maktaba yao ya historia ikaiweka hadharani karatasi yenyewe ulioandikwa ufunuo huo. Hiyo ni karatasi tu, wale watu watano haiwataji. Lakini kwa aliyezaliwa kwenye nyumba hizi habari ya 1886 ni kama kwetu habari tunazosimuliwa na bibi tukiwa wadogo, haiulizwi.

Katika wale watano alikuwemo Lorin Woolley, mtoto wa mwenye nyumba, akaunda baraza la wazee, akafa 1934. Watu wao wengi walikusanyika Short Creek, kijiji kilichokaa mpakani Utah na Arizona chini ya majabali mekundu, siku hizi kinaitwa Hildale upande mmoja na Colorado City upande wa pili. Julai 1953 polisi wa Arizona wakavamia alfajiri na mapema wakachukua watoto 263. Akina mama wakapandishwa mabasi na watoto wao wakapelekwa mbali, wengine walikaa huko hadi miaka miwili. Nilipoona zile picha nilimkumbuka mamangu na kanga yake begani, sijui kwa nini. Naichukia kabisa ndoa ya mtoto mdogo, na ilikuwepo, lakini kumpokonya mama mwanawe anayenyonya hakujawahi kuwa dawa ya kitu chochote, na kilichotokea ni kwamba watu walizidi kujifungia.

Sasa ngoja nikwambie kuhusu bibi.

Mimi namtunza bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, naenda kwake usiku mara nne kwa wiki. Nimebadilisha kitu kimoja viwili hapa manake siri ya mgonjwa ni siri. Ni mke wa tatu kati ya wanne, mume alishafariki, wake wenza wawili wameshafariki, amebaki yeye na yule mdogo anayempigia simu kila asubuhi saa moja kamili. Siku ya kwanza aliniuliza mamako alikuwa anafanya kazi gani, nikamwambia, halafu mazungumzo yakaenda yakaenda nikajikuta nimemwambia alikuwa wa pili. Aliweka sindano chini. Anashona yale mablanketi ya viraka, amekaa kitandani na vikaratasi vya pembetatu na magauni ya zamani yaliyokatwakatwa. Akaniuliza, "Na yule wa kwanza alimpenda mamako?" Mwanaisha, katika maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, watu huuliza waligombana vipi. Nikamwambia alipojifungua mimi ni mama mkubwa ndiye aliyemkanda siku arobaini. Bibi akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kwao.

Huyu bibi ana dadake. Baba mmoja mama mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 50 mkuu wa baraza alikuwa Joseph Musser, amepooza, na 1951 akamteua tabibu wake Rulon Allred aingie barazani. Wengine wakasema mzee ni mgonjwa huyo, haoni sawasawa, hatumtambui aliyemteua. Wengine wakasema ufunguo ni wake, mgonjwa au mzima. Wakapasuka katikati. Upande wa Allred ukawa huu wa Apostolic United Brethren wenye makao Bluffdale, karibu na Salt Lake, na waliobaki Short Creek wakaja kuwa FLDS, ndiyo kifupi cha jina la kanisa lao. Baba yake bibi akashika upande mmoja, na dadake alikuwa ndio kwanza ameolewa upande wa pili, sitakwambia upi na upi. Bibi alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Hawakuonana tena mpaka wote wawili wana wajukuu! Mama yao alipokufa dada hakuja kwenye maziko, manake kwa upande wa dada, mama hakuwa amefungwa kwa mume wake kihalali, yaani kwa macho yao wale wazee walikufa bila ndoa. Bibi alipofika hapo hakulia, alinyoosha kile kiraka kwenye goti akakipapasa na kidole gumba, akakipapasa, mpaka nikamwambia bibi basi tulale.

Na mpasuko haukuishia hapo. Short Creek wenyewe walikuja kugombana tena, je, ufunguo ni wa baraza au wa mtu mmoja, na 1984 Leroy Johnson aliyekuwa mkuu akawatimua wenzake wa barazani, wale wakaondoka na watu wao wakajenga maili chache tu kutoka hapo, wakapaita Centennial Park, jina la kuadhimisha miaka 100 ya ule usiku wa 1886. Majirani wanaopishana barabarani hawasalimiani. Mexico kulikuwa na akina LeBaron, huko ni damu kabisa, Ervil LeBaron alisababisha kaka yake Joel kuuawa 1972 kwa ajili ya hayohayo ya nani nabii, na 1977 wafuasi wake wakamuua Rulon Allred kwenye kliniki yake. Ervil mwenyewe akafia jela Utah 1981. Kuna akina Kingston wenye ushirika wao wa biashara tangu 1935, kuna wa Bountiful kule Canada, kuna familia huru zisizotaka nabii yeyote zinaishi kivyao. Na hawafanani. Wa Allred utakutana nao supermarket wamevaa jeans na hutajua, mtu anachumbia mwenyewe na mke wa kwanza anatarajiwa kukubali. Yale magauni marefu ya rangi za kufifia na nywele zilizoinuliwa mbele ni FLDS, na huko nabii ndiye anayepanga nani amuoe nani.

Huko FLDS ndiko nilikotaka nikufikishe. Warren Jeffs alichukua uongozi babake alipokufa 2002, na hakuna baraza tena, ni yeye peke yake. Akipenda anamwambia mwanamume huna tena ukuhani, yaani mamlaka yake ya dini, ondoka, na wakeze na watoto wanapewa mwingine. Januari 2004 aliwafukuza karibu wanaume ishirini kwa siku moja, akiwemo meya. Watoto wanaambiwa kuanzia leo baba yenu ni fulani. Vijana wa kiume nao wakafukuzwa kwa mamia, wengine kwa kutazama filamu au kuongea na msichana. Na wasichana wadogo waliozeshwa, huyo Jeffs yuko jela Texas tangu 2011, maisha na miaka 20 juu, kwa kunajisi wasichana wawili, mmoja ana miaka 12. Hiyo si ndoa, usikubali mtu akuambie ni mitala. Kwetu mwanamke akiachwa ana kwao, ana eda, kadhi yupo, ndugu wapo. Pale ndugu, kadhi, mwenye nyumba na mwenye mbingu ni mtu mmoja, manake hata nyumba zilikuwa mali ya mfuko wa kanisa mpaka mahakama ilipoingilia 2005.

Bibi hawapendi watu wa namna hiyo, anasema wameichafua ndoa. Lakini yeye bado anaamini, usifikiri ni mtu wa majuto. Tangu 2020 Utah imelegeza sheria, watu wazima waliokubaliana wenyewe kosa lao ni dogo kama la barabarani, na anashukuru sana kwamba yule mke mwenzake anaweza kuitwa mke mbele ya daktari bila kuogopa.

Kitu kimoja kiliniuma na nitakwambia wewe tu. Kanisa kubwa lilikuwa haliwapi wanaume weusi ukuhani mpaka 1978, na waliporuhusu, vikundi hivi vikubwa vikasema hiyo ni dalili nyingine kwamba kanisa limepotea. Nilimuuliza bibi usiku mmoja, nikiwa nampaka mafuta miguuni, na wewe uliamini hivyo kuhusu sisi? Alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Ndivyo tulivyofundishwa." Basi. Sikumjibu, nikamalizia mguu wa pili nikamvalisha soksi. Bado sijajua nifanye nini na jibu hilo, siku nyingine naliona ni unyenyekevu na siku nyingine linanichoma kuliko tusi.

Wiki iliyopita aliniomba kitu. Hilo blanketi analoshona ni la yeye na dadake, dada anaumwa sana na anataka kumpelekea, wameanza kuzungumza kwa simu, ya ufunguo hawagusi kabisa, wanaongea habari za kuku na mabwawa ya utotoni. Kila kiraka ni cha nguo ya mama fulani kwenye familia zao. Akaniambia amebakiza nafasi ya pembeni, kama nina kitambaa cha mamangu angependa kukiweka humo. Nikamwambia nitafikiria.

Nimeshafikiria. Kuna leso ya kisutu ya mama iko kwa dadangu Majengo, kwenye lile sanduku la mbao, chini ya mashuka, nyekundu imepauka imekuwa kama tofali. Ukishuka Mombasa mwezi ujao ichukue kipande kimoja, kile chenye pindo lililoachia, kile kizima muachie dada. Mpe yule binti wa Mama Rukia anayekuja huku Oktoba. Usiifue na usiitie jiki, ije na harufu yake.

Wako,
Saumu