Yule sajini wa Roscommon

Hamisi ndugu yangu,

Za siku nyingi? Natumai mama anaendelea vizuri na ule mguu, nisalimie sana.

Ile jioni barazani uliniuliza askari anayelipwa mshahara anaitwaje shujaa wakati yuko kazini, nikakosa jibu, sasa juzi usiku nimesoma habari za Luke O'Connor na usingizi ukakata kabisa.

Jamaa ni Muairishi, kazaliwa Elphin, Roscommon, 1831. Wazazi wakapanda meli na watoto kwenda Canada kutafuta maisha, baba akafia baharini, mama akafia pale kisiwa cha karantini Grosse Isle, Luke akarudi Ireland yatima. 1849, nchi bado haijapona ile njaa kubwa iliyokuja viazi vilipooza mashambani, akaingia jeshi la Waingereza, kikosi cha Royal Welch Fusiliers, na mi simlaumu hata kidogo, kijana wa miaka 18 hana baba hana mama angeenda wapi.

Sasa njoo Crimea, rasi ya Bahari Nyeusi, Waingereza wako vitani na Warusi, 20 Septemba 1854, mto Alma. Waingereza wanavuka maji, Warusi wako juu kilimani na mizinga yao. Luke ni sajini, kazi yake kutembea katikati ya bendera mbili za kikosi, ya Malkia na ya kikosi chenyewe. Na bendera zama zile haikuwa pambo bwana, moshi wa baruti ukishatanda hata wa pembeni yako humuoni, unatafuta bendera iko wapi ndo unaelekea huko, ndo maana adui anaanza na aliyeibeba. Ya Malkia alikuwa nayo luteni Anstruther, kijana mdogo tu. Wanaikaribia ngome ya udongo ya Warusi, luteni kapigwa kafa pale pale, Luke naye kala risasi ya kifua kaenda chini. Halafu akaamka! Akaiokota ile bendera, akapanda nayo mpaka ngomeni akaisimamisha, wakamwambia rudi nyuma ukatibiwe, akagoma, akawa nayo mpaka mapigano yanaisha.

Hamisi, mshahara wake angelipwa vile vile angerudi nyuma, tena kwa ruhusa. Na nishani hakuifuata, maana Msalaba wa Victoria, ile nishani yao ya juu kabisa ya ushujaa, siku hiyo haukuwepo, umeanzishwa 1856, yeye akawa kati ya askari wa nchi kavu wa kwanza kabisa kuupata.

Unadhani alitulia? Septemba 1855 kwenye shambulio la Redan, ngome ya Warusi kule mji wa Sevastopol, akala risasi mapaja yote mawili. Walishampa uafisa baada ya Alma, na jeshi lile uafisa watu walikuwa wanaununua kwa hela, watoto wa wakubwa wanalipiwa na baba zao, huyu hana hata wa kumnunulia buti akapanda mpaka meja jenerali. Kafariki London 1915.

Mi nabaki na pale alipokuwa chini, kifua kinavuja, bendera iko kwenye nyasi, hakuna ambaye angemlaumu kama angelala tu. Niandikie unasemaje, na huo mguu wa mama mpeleke akaonwe tena mwezi huu.

Wako,
Saidi