Mabinti si wazembe, wanajificha

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema vijana hawawezi uzazi wa mpango kwa sababu ya uzembe. Mimi ni muuguzi, mabinti hao ndio ninaowahudumia.

Hivi karibuni alikuja mmoja wa miaka 17, pakiti ya vidonge kaificha ndani ya soksi. Vingine kameza, vingine kaviruka. Analala chumba kimoja na dada yake, kwa hiyo humeza siku anayopata faragha tu. Vidonge hivyo vikimezwa kila siku bila kuruka, kwa mwaka mzima hata mwanamke 1 kati ya 100 hafiki kupata mimba. Kwa jinsi watu wanavyovimeza kweli, hufika 7 hivi. Alipopewa aliambiwa tu, "Usisahau." Hakuna aliyemweleza kwamba ukiruka kimoja, unakimeza mara ukumbukapo, na kwamba ukiruka viwili au zaidi mfululizo, unaendelea kumeza huku ukitumia kondomu kwa siku 7.

Wa sindano ya kuzuia mimba nao wana yao. Damu inatoka kwa matone wiki nzima, jirani anasema kizazi kinaoza, na miezi 3 ikitimia binti harudi kuchomwa tena. Kizazi hakiozi! Mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa baada ya kuacha sindano, basi. Angeambiwa habari ya matone kabla ya kuchomwa, asingetishika.

Linaloniuma zaidi ni wahudumu wanaomnyima binti kipandikizi (kijiti cha chini ya ngozi ya mkono) au kitanzi (kinachowekwa ndani ya kizazi) eti azae kwanza. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba umri peke yake si sababu ya kumnyima mtu njia yoyote. Kwa anayeishi kwa kujificha, kipandikizi hukaa miaka 3 hadi 5 bila kumeza wala kukumbuka chochote, na akitaka kutolewa kabla, kinatolewa. Kondomu iendelee kutumika, maana kipandikizi hakizuii Virusi vya Ukimwi wala kaswende. Hapo wavulana nao wanahusika, ingawa kliniki siwaoni.

Wazazi, mkiokota pakiti chini ya godoro, msiitupe. Kaeni na binti mzungumze, hasira ikishapoa. Na wauguzi wenzangu, kabla hajatoka mlangoni tumwambie pia habari ya vidonge vya dharura vya kuzuia mimba: baada ya kujamiiana bila kinga vimezwe mapema iwezekanavyo, vizuri ndani ya saa 72, na isizidi siku 5.

Muuguzi wa kliniki ya uzazi wa mpango